Rangi isifiche ufa wa rimu

Kila jioni ninapopita kituo cha magari pale Mlali, chini ya milima ya Uluguru, macho yangu hushuka kwenye magurudumu. Magari yanayoteremka kutoka Mgeta husimama hapo kupoza breki na kushusha abiria: Noah zilizosheheni kabichi na karoti, Coaster, pikapu, na IST za watu wa mjini waliopanda mlimani kusalimia wazazi. Karibu kila gari lenye rimu za alumini, zile tunazoziita rimu za sporti, lina alama yake. Nyingine zimetafunwa ukingoni kama gunzi lililopitiwa na panya. Nyingine zimekwaruzwa duara zima. Nyingine zinang'aa kuliko siku zilipotoka kiwandani, na hizo zinazong'aa ndizo zinazonitia hofu zaidi.

Wenye magari tumezoea kubishana: rimu ikichubuka, uitengeneze mwenyewe uani au uipeleke kwa fundi? Nadhani tunaanzia mbali. La kwanza ni kujua kilichoumia ni nini. Ikiwa ni rangi, kazi hiyo mwenye gari anaiweza kwa mikono yake na kwa gharama ndogo. Ikiwa rimu yenyewe imepinda au imepasuka, kazi hiyo si ya mwenye gari, na wala si ya fundi asiye na vifaa vyake. Kosa kubwa kuliko yote, ambalo naliona kila wiki, ni kupaka rangi juu ya jeraha ambalo hakuna mtu aliyelichunguza.

Yaliyonikuta nikitoka Nyandira

Siku moja baada ya mvua nilikuwa nateremka kutoka Nyandira. Kwenye kona nililipisha Fuso lililokuwa likipanda, gurudumu langu la mbele kushoto likatumbukia kwenye korongo na kugonga jiwe. Nilishuka, nikaona ukingo wa rimu umechubuka na kubonyea kidogo. Nilipoendelea na safari, usukani ukaanza kutetemeka. Siku iliyofuata nikaipeleka rimu kwenye gereji moja mjini, nikamwambia fundi maneno ambayo leo nayajutia: "Ifanye irudi kama mpya." Aliifanya. Niliichukua inang'aa, nikalipa, nikashukuru.

Wiki tatu baadaye nikawa naamka nakuta tairi limepungua upepo. Najaza, linashuka. Nikaenda kwa kijana mmoja anayeziba pancha chini ya mwembe hapa Mlali, mwenye kompresa kuukuu na beseni la maji. Alizamisha tairi, akalizungusha taratibu, asione pancha. Kisha akakoroga sabuni ya unga hadi ikatoa povu zito, akalipaka upande wa ndani wa rimu, ule unaotazama chini ya gari. Tukasubiri. Povu likaanza kuchemka kwenye mstari mmoja, vipovu vidogo vidogo kama vya maji ya chai yanayokaribia kuiva.

"Shida si tairi, mzee," akasema. "Shida ni rimu."

"Rimu si imetengenezwa juzi tu?"

"Imepakwa rangi juzi, mzee. Kutengenezwa bado."

Alitoa tairi, akachukua kipande cha jino la msumeno wa chuma, akaanza kukwangua. Ikatoka rangi ya fedha. Chini yake ikatoka puti ya kijivu. Chini ya puti ukatokeza ufa mwembamba kama unywele, urefu wake kama njiti ya kiberiti. Kwa wiki tatu nilikuwa nimewapakia wajukuu zangu juu ya ufa ule. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Siku ile niliushika mkakasi wangu kwa mikono miwili.

Mpira mwembamba, jiwe lile lile

Kwa nini rimu zetu zinaumia hivi? Tusikimbilie kulaumu barabara peke yake. Tazama namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi lako. IST nyingi zimekuja na matairi ya 185/65R15. Maana yake tairi lina upana wa milimita 185, na kimo cha ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani kama sentimita 12 za mpira kati ya rimu na jiwe. Sasa kijana anataka gari lipendeze, anafunga rimu kubwa zenye matairi ya 215/45R17. Piga hesabu: asilimia 45 ya 215 haifiki hata sentimita 10. Ukubwa wa gurudumu zima haukubadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba chuma kimeongezeka na mpira umepungua. Jiwe la barabara ya Mgeta liko pale pale.

Ongeza upepo pungufu. Tairi lisilojazwa vizuri hubonyea hadi rimu inagonga chini. Ongeza na mzigo: gari lililotengenezwa kubeba familia mjini Nagoya linabeba matenga ya nyanya, watu saba na gunia la mahindi. Kipimo sahihi cha upepo kimeandikwa kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuisoma? Tunamwambia fundi "jaza", naye anajaza kwa kupiga teke na kusikiliza mlio.

Mjini nako kuna kingo za zege za maegesho. Hapo rimu haipasuki, inachubuka tu, kwa sababu dereva ana haraka au hakukitazama kioo cha pembeni. Majeraha haya mawili, la jiwe na la ukingo wa zege, yanaweza kufanana kwa nje. Ndani hayafanani hata kidogo.

Ngozi na mfupa

Mtoto akianguka tunamtazama kwanza kama amechubuka au amevunjika. Aliyechubuka tunamwosha nyumbani. Aliyevunjika hatumpaki dawa ya rangi tukamwambia akimbie. Rimu nayo tuitazame hivyo hivyo, na uchunguzi wake hauhitaji mashine. Una maswali matatu.

Je, inavuja? Lipake povu la sabuni gurudumu zima, mbele na nyuma, tairi likiwa na upepo. Je, inayumba? Nyanyua gari kwa jeki, weka kijiti karibu na ukingo wa rimu bila kuigusa, zungusha gurudumu polepole na utazame kama nafasi kati ya kijiti na rimu inapanuka na kufinyika. Je, ina ufa? Vua gurudumu, lioshe hasa upande wa ndani, likauke, kisha pitisha kidole na tochi kuzunguka duara lote, kwenye mikono ya rimu na kandokando ya matundu ya nati. Jibu likiwa hapana mara tatu, jeraha lako ni la ngozi. Likiwa ndiyo hata mara moja, ni la mfupa.

Kwa nini nasisitiza ufa mdogo hivyo? Gurudumu la IST likizunguka mara moja linakwenda karibu mita 2. Katika kilomita moja linazunguka mara 500 na ushee. Kila mzunguko, uzito wa gari unapita juu ya ule ufa, unaubana na kuuachia. Kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam ni karibu mara laki moja. Chukua kipande cha waya ukikunje na kukikunjua, uone kinavumilia mara ngapi. Ufa wa urefu wa njiti ya kiberiti haubaki njiti ya kiberiti. Na ukiamua kukatika, hauchagui mahali. Unaweza kukatikia kwenye barabara ya Iringa inapokatiza Hifadhi ya Mikumi usiku, malori yakikupita, mahali ambapo hakuna mtu angependa kushuka kubadilisha tairi.

Tunayo methali tunayoipenda: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba ni kweli. Kwa rimu ya alumini, ufa uliozibwa kwa puti ni hatari kuliko ufa ulio wazi, kwa sababu ulio wazi angalau unauona. Puti imetengenezwa kujaza mashimo ya bodi, haibebi uzito. Zipo pia gereji zinazotia tyubu ndani ya tairi lisilohitaji tyubu, ili upepo usitoke kwenye ufa. Mwenye gari anafurahi kwamba halivuji tena. Kumbe dalili imenyamazishwa na ugonjwa unaendelea. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Jumamosi moja, msasa na subira

Basi tuseme umeuliza maswali matatu na umebaki na mchubuko mtupu. Hapo nakuhimiza ufanye mwenyewe. Nimefanya, na rimu zangu tatu nyingine ni ushahidi.

Kanuni ya kwanza ni usafi. Osha kwa maji na sabuni, kisha futa kwa kitambaa chenye tina hadi kisitoke cheusi tena. Grisi na vumbi la breki vikibaki, rangi itabanduka kama ganda la kitunguu kabla mwezi haujaisha. Funga pua na mdomo kwa kitambaa kizuri, kwa maana vumbi la breki si la kuvuta. Kanuni ya pili ni kusugua kwa kupanda ngazi: anza na msasa wa namba 240 kulainisha meno ya mchubuko, kisha 400, kisha 800 ukiwa na maji. Puti kidogo inaruhusiwa kusawazisha vishimo vya juu juu, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna ufa. Ziba mpira wa tairi kwa magazeti ya zamani na tepu ya karatasi. Nyunyiza praima inayoshika alumini, kisha rangi, kisha klia, kila safari kwa utando mwembamba na kuacha ikauke. Anayetaka kumaliza kwa mkupuo mmoja atapata michirizi.

Sisi wa chini ya Uluguru tuna somo letu la ziada. Mawingu ya mlimani huteremka alasiri, na unyevu wake huigeuza klia kuwa nyeupe kama imepuliziwa pumzi. Paka asubuhi jua likishapanda, siku kavu, mahali pa wazi, mbali na jiko la mkaa na mbali na watoto. Tina inashika moto upesi kuliko mafuta ya taa.

Kuna mahali pawili usipapake rangi hata kwa kupendezesha: matundu ambamo nati hukaa, na uso wa nyuma wa rimu unaokutana na gari. Rangi nene ikibaki hapo, nati hukazwa juu ya rangi badala ya chuma. Rangi ikishasagika, nati inalegea. Na unaporudisha gurudumu, kaza nati kwa kuvuka, moja kisha ile ya upande wa pili, usikaze kwa kuzunguka. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, zikaze tena. Hili nalo ni la watu wote, hata waliotengenezewa na fundi bingwa.

Zipo rimu ambazo ngozi yake haifai kuguswa nyumbani: zile ambazo uso wake umekerezwa kwa mashine hadi ukawa na mistari myembamba inayometa kama santuri. Mkono hauwezi kuirudisha mistari ile. Hizo ni za mkerezaji, na hata yeye kila akikereza anapunguza chuma, kwa hiyo haziwezi kurudiwa mara nyingi.

Mfupa upelekwe kwa mganga wake

Sasa jeraha la mfupa. Rimu ya chuma cheusi, ile ya kufunikwa kwa kifuniko cha plastiki, ina uvumilivu. Ikibonyea, fundi mzuri huinyoosha kwa nyundo juu ya kipande cha reli, na mara nyingi inakubali. Alumini ina tabia nyingine. Nguvu yake imetiwa kiwandani, kwa kuchomwa na kupozwa kwa vipimo. Ukiichoma tena kwa moto mkali bila kipimo, unaifuta nguvu ile. Ubaya zaidi ni kwamba alumini haimwonyi fundi. Chuma kikipata moto huwa chekundu, fundi akajua. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 na kabla ya hapo haibadiliki rangi kwa macho. Fundi anadhani bado, kumbe imekwisha kulainika.

Ndiyo maana kunyoosha rimu ya alumini kunataka jeki ya mafuta inayosukuma taratibu, joto dogo linalopimwa, na saa ya kupimia mzunguko kabla na baada. Ufa nao ni habari nyingine. Watengenezaji wengi wa magari wanashauri rimu iliyopasuka ibadilishwe. Ukikutana na fundi anayekuambia atachomelea ufa ulio kwenye mkono wa rimu au karibu na tundu la nati, chukua rimu yako uondoke. Ukinunua nyingine ya mtumba, ichunguze kwa maswali yale yale matatu. Angalia kama idadi ya nati na nafasi zake zinalingana na gari lako, na upande wa nyuma utafute herufi JWL, ambazo ni alama ya kiwango cha Japani cha rimu za alumini.

Najua kuna atakayesema: mzee, watu wana shida ya mbolea na karo, wewe unazungumzia rimu. Nami namuuliza: gari hilo limebeba nini? Hapa kwetu gari la jirani ndilo gari la wagonjwa mama anaposhikwa na uchungu usiku. Ndilo linalopeleka nyanya sokoni kabla hazijalainika. Ndilo limebeba mkopo wa kikundi. Likianguka, kaya haipotezi gari peke yake. Inapoteza msimu, na pengine inapoteza mtu.

Mwingine atasema kwamba tukijifanyia wenyewe tutawanyima vijana riziki. Sivyo. Fedha ninayookoa kwa kupaka rangi mwenyewe ndiyo inayonipa uwezo wa kumlipa vizuri fundi wa kweli siku mfupa unapovunjika. Yule kijana wa mwembe nilimlipa kwa kunionyesha ufa, ingawa hakuziba chochote. Uchunguzi nao ni kazi, na jicho lile lina thamani kuliko kopo la rangi.

Tunapata ufundi tunaouagiza

Nimefikiri sana kuhusu ile gereji ya mjini. Fundi yule alinikosea, lakini nami nilimwagiza kosa lile. Nilimwambia irudi kama mpya. Sikumuuliza kama ni nzima. Mteja anayeuliza kung'aa atauziwa kung'aa. Mteja anayeuliza uzima atamlazimisha fundi ajifunze kuupima. Tukibadilisha swali letu, vijiwe vyote kutoka Sangasanga hadi Langali vitabadilika.

Vyombo vya kusaidia tunavyo. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo na mafundi wadogo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo Kihonda, mwendo mfupi kutoka hapa, na ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazi mtaani. Naomba mafunzo ya kupima, kunyoosha na kuchomelea alumini yawafuate mafundi vijijini, yawe ya siku chache, jioni, chini ya miembe hiyo hiyo. Naomba pia askari wa usalama barabarani, wanapokagua magari kwa ajili ya stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama, wainame watazame nyuma ya magurudumu. Mbele kila mtu amepaka rangi.

Nawe msomaji, wikiendi hii kabla hujaosha gari, chukua tochi na povu la sabuni. Chunguza magurudumu manne, na la spea la tano. Ukikuta mchubuko, nunua msasa. Ukikuta ufa, usiufunike, na usimuuzie mwingine rimu hiyo kwa bei ya kutupa, kwa maana atakayeipanda ni mtoto wa mtu.

Rimu yangu ya Nyandira nilitafutiwa mnunuzi siku ile ile, chini ya ule mwembe. Nilikataa. Nilimwomba kijana aikate vipande viwili kwa msumeno, nikaiuza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilipata fedha kidogo, lakini rimu ile haitarudi barabarani.